Rangi Nyekundu Kisimani Kwa Rehani

Sasa nakaa Mapinga, na maji nanunua kwa madumu. Muuzaji akifika mlangoni huniambia, "Bibi, haya ya leo matamu kabisa." Mimi humtazama tu, nikamlipa, nikanyamaza. Mtu aliyekulia maji ya kisima cha Kwa Rehani hadanganywi na mtu wa madumu. Lakini hayo yeye hayajui, na mimi sina nguvu ya kumsimulia kila asubuhi. Ninyi mmeuliza, basi kaeni niwaambie, na mtu asinikatize.

Kwa Rehani kilikuwa kitongoji tu, nyumba za kuhesabika, ndani kidogo ukitoka njia ya Kiwangwa. Rehani mwenyewe alikuwa babu yake baba yangu. Tulilima mihogo na mananasi, mikorosho ilikuwepo, na asubuhi ilikuwa na harufu ya moshi wa kuni na ya mikorosho iliyotoa maua. Hapakuwa na kitu cha kumtambia mgeni, ila kisima.

Kisima kile alikichimba baba, Mwinjuma, na aliyekuwa juu akivuta kapu la udongo ni mama, Somoe. Wanaume walimcheka baba, eti anachimba na mkewe, amekosa ndugu. Baba akawaacha wacheke. Mama alivuta udongo ule akiwa na mimba yangu, na kila alipotaka kupumzika aligonga kamba, baba naye chini akaketi. Walipoyakuta maji, baba aliyapandisha kwenye kata, akamwambia mama aonje kwanza. Mama alinisimulia hayo mara nyingi sana, na kila mara alikuwa akiyamumunya yale maji upya.

Baba alifariki mwaka uliofuata uhuru. Tulimzika pale pale, mikoroshoni. Tangu hapo kisima kikawa cha mama, si kwa maandishi, kwa ukali. Hufui pale. Hunawi miguu pale. Huji na sufuria yenye masizi ukaitumbukiza. Kata ya kunywea ilitundikwa kwenye kijiti, na ukiiacha chini utatukanwa wewe na waliokuzaa. Watu walimwogopa na walimpenda, na jioni wanawake walijaa pale mpaka vicheko vikasikika shambani. Mimi umbea wote wa ujana wangu niliupatia kisimani. Nani kaposwa, nani kaachwa, nani kaonekana Bagamoyo na nani. Siku hizi mnasoma kwenye simu, na hamcheki hata nusu ya tulivyocheka sisi.

Mume wangu, Alawi, alikuwa mtu wa Bagamoyo mjini, fundi wa kuchimba visima vya bomba. Kazi ile alijifunza Dar es Salaam, ikawa inamzungusha huku na huku, ndiyo maana nilibaki kwa mama na yeye akawa anakuja na kuondoka. Alikuwa mpole na mwenye haya. Na kwa mama mkwe, haya ilizidi. Enzi zile ukwe ulikuwa ukwe. Alawi hakupita mbele ya mama alipoketi. Wakikutana njiani, yeye aliingia majanini akageuza uso mpaka mama apite. Akiwa na neno alinitumia mimi: "Mwambie mama kwamba nimeleta sukari," na mama yuko pale pale nyuma ya kiambaza anasikia kila kitu. Mama naye hujibu, "Mwambie mkwe wangu Mungu amzidishie." Nilikuwa nawatumikia wote wawili mpaka mdomo unachoka. Kumjibu mkwe mbele za watu, au kumwambia umesema uongo, hilo halikuwepo. Mtu angehama nchi kwanza.

Sasa, upande wa juu yetu palikuwa na shamba la mkonge, likiitwa Mtondoo. Mkonge huchakatwa kwa mashine kubwa inayoitwa korona, na korona hutoa maji mengi ya kijani yanayonuka na kuwasha ngozi. Zamani waliyaachia bondeni, watu wakalalamika, mbuzi wakafa. Ndipo meneja wa Mtondoo akaleta watu wachimbe shimo refu sana, watie bomba, wayatupe maji ya korona huko chini kabisa kwenye maji ya chumvi ambayo hakuna anayeyanywa.

Nilipomweleza Alawi, nilidhani atacheka. Hakucheka. Alisema jambo hilo linafanyika. Mzungu aliyewafundisha kazi aliwaambia kwamba kwao hata maji ya sumu yatokayo kwenye mitambo ya atomiki huzikwa hivyo hivyo, chini kabisa ya ardhi, kwa bomba. "Na hata huko kwao," akasema, "shida haiko mwisho wa bomba. Iko ubavuni."

Akanieleza kwa kijiti na mchanga wa uani. Shimo huchimbwa pana kuliko bomba, kwa hiyo pembeni ya bomba panabaki uwazi, kuanzia juu mpaka chini. Uwazi ule usipojazwa saruji yote, bila kuacha hata penyo, yale machafu uliyoyasukuma chini yanarudi juu kwa nje ya bomba. Yakipanda, yanapita kwenye maji matamu. Na maji matamu ndiyo kisima cha mama.

"Na hawa wa Mtondoo wamejaza?" nikamwuliza.

"Sikuwepo," akasema. "Nisimsingizie mtu."

Hawakujaza. Mwaka wa sabini na nne ndio tulijua. Aliyeanza kusikia harufu ni mama. Alichota, akanusa, akamwaga. Akachota tena. Akanipa mimi ninuse, nikasema sisikii kitu, akaniambia pua yangu ni ya kubandikwa. Haikupita muda tukaisikia sote. Ukioga, mwili unawasha. Ukipika wali, una uchachu.

Na mwaka ule ule ndio wa Operesheni Vijiji. Watu walikuwa wanakusanywa kutoka vitongojini wakae pamoja. Katibu kata wetu alikuwa kijana mstaarabu, si wale wa kufoka. Alikuja, akamsalimu mama shikamoo, akakaa kwenye kigoda, akasema wazi. Mahali penye maji mazuri ndipo kijiji kitakapojengwa. Kwa Rehani alipapenda. Maji yakiwa salama, wenzetu wa vitongoji vingine watahamia kwetu. Yakiwa mabaya, sisi ndio tutakaobebwa kupelekwa barabarani.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mwanangu, mimi hapa nina mume wangu na kisima changu. Huko barabarani nina nini?" Alikuwa na maana kwamba pale alikuwa Bi Somoe mwenye kisima. Huko angekuwa mjane mmoja kati ya wajane, amepimiwa kiwanja, anapanga foleni.

Basi Alawi akaomba ruhusa kazini, akaja kuziba. Meneja wa Mtondoo alikubali, maana na yeye hakutaka kelele. Korona ikasimamishwa. Alawi na vibarua wakakoroga saruji nyepesi, wakaimimina kutoka juu, pembeni ya bomba, mpaka ikajaa. Alirudi jioni amejaa vumbi la saruji mpaka kwenye kope, amefurahi. Nilimchotea maji ya mvua akaoga.

Lakini kujaa juu si kujaa chini, na hilo alilijua. Kwa hiyo akataka kupima. Alikwenda Bagamoyo mjini, dukani kwa Mhindi, akanunua rangi nyekundu, ile ya vikaratasi tunayochemshia ukindu wa mikeka. Akainunua yote, mwenye duka akamwonyesha kopo tupu. Kijani asingeweza, maji ya korona yenyewe ni ya kijani. Akaichanganya, akaituma chini kwa lile bomba la Mtondoo pamoja na maji ya korona. Hesabu ilikuwa rahisi: nyekundu ikitokeza kisimani kwetu, ubavu wa bomba unavuja.

Tukangoja. Kila siku tulichota maji kwenye beseni jeupe tukayatazama. Siku ya mkutano wa kuamua kijiji kitakaa wapi, katibu akaja, watu wakakusanyika, beseni likawekwa juani. Maji yalikuwa mekundu. Si sana, lakini mekundu, hata mtoto aliona. Mimi nilimtazama mama, naye alikuwa analitazama lile beseni bila kupepesa.

Akasema, "Hiyo rangi ni yangu. Jana nilisuuza ukindu pale kisimani."

Jamani. Mama yangu, aliyempiga mtu kibao kwa kunawa miguu pale, ati alisuuza ukindu kisimani. Kila mtu alijua ni uongo, na hakuna aliyethubutu kufumbua mdomo. Katibu alionekana kupumua. Alikuwa mgeni, hakuyajua ya mama na kisima, na jibu lile lilimfaa. "Kumbe," akasema, "basi tatizo hakuna." Akamgeukia Alawi. "Fundi, unasemaje?"

Alawi alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Alijua kwamba rangi nyekundu yote ya Bagamoyo aliimaliza yeye. Alijua kwamba mama hakuwa na hata chembe. Na angesemaje? Simama mbele ya kadamnasi umwambie mama mkwe wako kwamba ni mwongo? Alisema tu, "Mimi sina la kuongeza." Katibu akasema atalala kwa balozi wetu wa nyumba kumi, kesho aende kupeleka taarifa kwamba Kwa Rehani kunafaa.

Jioni ile nilimfuata mama jikoni. Nikamwambia, mama, yale maji yana sumu ya korona, na wewe unajua. Akaendelea kupepeta mchele. "Nimeyanywa tangu hujazaliwa," akasema. "Hayataniua leo." Nikamwambia watakuja watu wengi kuyanywa. Akasema, "Mwajabu, nyamaza." Nikanyamaza. Nilikuwa mtu mzima, nina mtoto, Ashatu, aliyeanza kutembea, na bado mama akisema nyamaza nilinyamaza.

Aliyetuokoa ni Mbaruku. Huyu alikuwa Mnyamwezi, alikuja zamani kukata mkonge Mtondoo, mkataba ukaisha, akaoa kwetu akabaki. Sisi Wakwere na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na mtani hana mipaka. Mtani anaweza kuja msibani akalala kwenye jeneza, akadai apewe kuku ndipo atoke, na hakasirikiwi. Lile ambalo mkwe hawezi kulitamka hata kwa kukatwa ulimi, mtani atalisema huku anacheka. Alawi akamwendea Mbaruku kabla ya magharibi, wakakaa nyuma ya nyumba. Alimwambia nini sikusikia, ila nilimwona Mbaruku anatikisa kichwa, mara anajipiga paja.

Asubuhi, katibu kabla hajaondoka, Mbaruku akaingia uani kwetu na watu nyuma yake. Amejifunga shuka kichwani kama bibi harusi.

"Bi Somoe, mke wangu," akasema, "nasikia unanisukia mkeka mwekundu. Nimekuja kuulalia."

"Toka hapa, Mnyamwezi mla panya," mama akasema. Watu wakaanza kucheka, maana ndio ulikuwa mchezo wao wa kila siku.

"Panya nitakula, lakini juu ya mkeka wangu. Uko wapi? Ule uliousuuza ukindu wake kisimani. Mimi juzi nilitema mate hatua mia kutoka kisima, ulinifukuza na mchi. Kumbe wewe mwenyewe unasuuza. Lazima huo ni mkeka wa ajabu. Lete tuuone."

Mama akasema, "Haujaisha."

"Hata nusu nitalala. Mimi mwembamba." Akaingia ndani mwenyewe, ruhusa ya nani, na watani ndivyo walivyo. Tukamsikia anapekua huku anaimba. Akatoka na ukili alioukuta, ule mshipi wa ukindu uliosukwa kabla ya kushonwa mkeka, amejizungushia shingoni. Ukili wa kijani na wa manjano na wa rangi yake yenyewe. Akauinua mbele ya katibu, akaanza kuufunua pima kwa pima. "Kijani. Manjano. Kijani. Bwana katibu, wewe umesoma, nionyeshe nyekundu iko wapi, mimi macho yangu ya Tabora hayaoni."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Hata katibu alianza kucheka, kisha akaacha, akaelewa. Mama alicheka pia. Sijui kama mmewahi kumwona mtu anacheka na machozi yanatoka na machozi hayo si ya kicheko. Akamwambia Mbaruku, "Haya, umeshinda, mbwa wewe. Sina rangi nyekundu." Akajifunga khanga upya. Akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma ya kiambaza alikokuwa Alawi, "Mwajabu, mwambie mkwe wangu akazibe tena. Na safari hii azibe kweli."

Alawi alinihadithia baadaye kosa lilikuwa wapi. Saruji ya kumimina kutoka juu ilinasa njiani, ikaganda katikati, chini yake pakabaki wazi. Kwa hiyo wakaitoboa yote ile, kazi ya kukatisha tamaa, halafu akashusha bomba jembamba ubavuni mwa bomba kubwa mpaka kwenye sakafu ya shimo. Saruji ikasukumwa kwa pampu kupitia lile bomba jembamba, ikawa inajaa kutoka chini kuja juu na kuyafukuza maji machafu mbele yake. Kwanza yalitoka matope ya kijani, kisha matope ya kijivu, mwisho ikatoka saruji safi. Alipoiona saruji safi inachungulia juu alikaa chini akalia, ndivyo alivyoniambia. Nilimpenda sana siku ile.

Kulikuwa na sharti moja tu. Korona isiwashwe mpaka saruji ishike, maana saruji mbichi ikisukumwa na maji hupasuka, na hutauona mpasuko wake. Meneja wa Mtondoo alimpa mkono. Alimwambia, "Fundi, ondoa wasiwasi."

Tulikuwa tunakula mchana tukasikia mlio. Ule mngurumo wa korona ukiusikia mara moja huusahau. Alawi aliacha tonge mkononi. Alikwenda Mtondoo kwa miguu, hakuvaa hata viatu. Mkonge ulikuwa unangojewa na meli Dar es Salaam, meneja akaona saruji imekaa vya kutosha kwa macho yake. Kwa macho yake, hebu niambieni. Saruji iliyo chini ya ardhi anaiona kwa macho gani? Mpaka leo nikimkumbuka mtu yule natamani nimrushie kitu. Alawi alipiga kelele, mume wangu ambaye sijawahi kumsikia akipiga kelele, korona ikazimwa, wakangoja tena. Lakini mpaka afike, maji mengi yalikuwa yamekwisha shuka.

"Imeshika au haikushika?" nikamwuliza usiku.

"Mungu ndiye ajuaye," akasema. "Juu inaonekana nzuri."

Rangi ya kupimia safari hii aliiagiza Dar es Salaam, nyekundu ile ile, nyingi kuliko ya kwanza. Kisima kikachotwa kwanza mpaka wekundu wa zamani ukaisha, ndipo ikatumwa chini. Tukaanza tena kuchota na kutazama. Beseni la kwanza jeupe. La pili jeupe. Siku zikapita, maji meupe pee, na harufu ikapungua, wali ukarudi kuwa wali. Watu walianza kuja kutoka vitongoji vya jirani kutazama watajenga wapi. Wanawake kisimani wakarudisha vicheko vyao. Nilimsikia mama anaimba alfajiri akifagia uwanja, wimbo wa arusi wa zamani ambao sikuwa nimeusikia tangu baba afe. Nikajifunika shuka nikacheka peke yangu. Siku zile zilikuwa tamu mno, nawaambia, labda kwa sababu tulikuwa tumekwisha kuogopa.

Katibu akaja siku ya mwisho. Pilau lilikuwa jikoni. Beseni likawekwa juani, kila mtu akainama akatazama, kila mtu akasema safi. Alawi naye aliinama, akakaa hivyo muda mrefu, akasema, "Sioni rangi." Katibu akatoa kalamu.

Ndipo mama akaja kutoka ndani. Ameshika majani mawili ya ukindu usiotiwa rangi, kila mkono jani moja.

Alipita katikati ya watu akasimama mbele ya katibu. Akasema kwamba jicho la mtu linachoka, lakini ukindu hunywa rangi, na ukikaa ndani ya maji hunywa hata ile usiyoiona. Kila msusi analijua hilo. Ukichemsha ukindu mweupe kwenye sufuria uliyoiosha vibaya, unatoka na doa. Kwa hiyo yeye alichovya jani moja kwenye mtungi wa maji ya kisima, na jingine kwenye mtungi wa maji ya mvua, akayaacha tangu beseni la kwanza, na kila siku akayabadilisha maji. Akayanyoosha majani yote mawili juani. La maji ya mvua lilikuwa jeupe. La maji ya kisima lilikuwa na wekundu kidogo sana, wa hina iliyokwisha kufifia kwenye kucha.

Mbaruku alijaribu utani. "Bi Somoe," akasema, "au umesuuza tena mkeka wangu?" Hakuna aliyecheka.

"Leo sikusuuza," mama akasema.

Katibu alimtazama kwa huruma. Akamwambia, "Bibi, hii ni rangi ndogo mno. Mimi ninaweza kuandika kwamba maji ni safi, na hakuna atakayeniuliza." Alikuwa anamsaidia, Mungu amlipe. Alijua anampa nini.

Mama akasema, "Rangi ni ndogo. Na lile linaloifuata?"

Alawi akasogea. Alichukua majani yale, akayatazama dhidi ya jua, akayanusa, akayasugua kwa kidole. Kama angesema ni vumbi, ni utomvu, ni chochote, tungebaki. Kila mtu pale alitaka aseme hivyo. Mimi nilitaka, na sioni haya kusema. "Ni kweli," akasema. "Imepasuka mahali. Inavuja kidogo, na itaongezeka."

Katibu akairudisha kalamu mfukoni. Pilau lililiwa, maana chakula hakitupwi.

Shimo la Mtondoo lilikuja kufungwa baadaye, baada ya Alawi kuandika na kufuatilia mpaka wakubwa wake wakamchoka. Walilijaza saruji lote, bomba na ubavu, na maji ya korona yakachimbiwa mabwawa. Lakini Alawi alisema yale yaliyokwisha kuingia kwenye maji matamu hayatoki kwa kuombwa. Kisima hakikutufaa tena.

Siku ya kuhama lilikuja lori. Tulipakia vitanda, mitungi, kuku wamefungwa miguu. Mama alikuwa amekwenda mikoroshoni kumwombea baba dua, akarudi macho makavu, akapandishwa juu ya magunia. Mimi nilikuwa nimevimba kwa hasira. Nilikuwa nimenyamaza siku zote zile, na kwenye lori nikashindwa.

Nikamwambia, "Mama, mara ya kwanza ulisema uongo kila mtu akauona. Mara ya pili hakuna aliyeona kitu. Ungekaa kimya tu. Kwa nini?"

Alikuwa anatazama nyumba zetu.

"Mara ya kwanza," akasema, "nilidhani atakayeyanywa ni mimi. Nilipoutoa ule ukindu mtungini asubuhi ile, Ashatu alikuwa amekaa chini pembeni yangu, ameishika kata kwa mikono miwili, anakunywa."

Kisha akaniambia nimpe mtoto ampakate, maana dereva alikuwa amekwisha washa gari.